Mfupa ukiwa nje: kupandikiza ngozi, ngozi mbadala au flapu?

Wodini hakuna maneno yanayowanyamazisha ndugu wa mgonjwa kama haya: "kidonda kimefika kwenye mfupa". Baada ya kimya hicho majina huja kwa mpigo: kupandikiza ngozi, ngozi mbadala, flapu, mashine ya kufyonza. Kisha swali: ipi ni bora? Mimi ni muuguzi wa vidonda, na nikiulizwa hivyo huomba tuanzie chini, kwenye mfupa wenyewe, ndipo tuje kwenye kifuniko. Mfupa uliovaa utando wake, ulio hai na unaofikiwa na damu una njia nyingi za kufunikwa. Ukikosa kimoja kati ya hivyo, baadhi ya njia hufungwa hapo hapo, hata zisifiwe namna gani.

Utando wa mfupa

Kila mfupa umevikwa utando mwembamba unaoitwa periosti, umejaa mishipa midogo ya damu. Utando huo ndio unaoamua kama ngozi ya kupandikiza itashika au haitashika. Ngozi iliyochunwa pajani na kulazwa juu ya kidonda haina mshipa wake wa damu. Kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo huishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda. Siku ya pili au ya tatu vimishipa vyake huanza kuungana na vya chini, na kufikia siku ya tano hadi ya saba damu inazunguka. Juu ya periosti yote haya hutokea vizuri. Juu ya ganda tupu la mfupa hakuna cha kunyonya wala cha kuungana nacho.

Nimekwisha kufungua kidonda siku ya tano na kuona hadithi zote mbili ndani ya bandeji moja. Unalowesha shashi kwa maji ya chumvi, unaiinua polepole kwa koleo. Pembeni, palipokuwa na nyama, ngozi imeshika, ukiisukuma kwa kidole haitelezi wala kukunjika. Katikati, juu ya sehemu ya muundi iliyokuwa imechunika hadi kwenye mfupa, ngozi ile ile imelala nyeupe kama karatasi iliyoloa, na inanyanyuka na shashi. Mkono ulioiweka ni mmoja, mgonjwa ni mmoja, siku ni moja. Tofauti ilikuwa utando.

Kano nazo zina vazi lake, na sheria ni hiyo hiyo: kano iliyovuliwa haishiki ngozi.

Uhai wa mfupa huonekana pia kwa macho. Ulio hai una rangi ya pembe ya ndovu, una unyevu, na daktari akiukwangua hutoa vitone vya damu vidogo kama vichwa vya pini. Uliokufa ni mweupe uliofifia, mkavu kama chaki, haudondoshi kitu. Mfupa uliokufa huondolewa hadi vitone vile vitokee. Na mfupa uliokuwa hai unaweza kufa mikononi mwetu kwa kuachwa ukauke hewani, kwa hiyo wakati wa kusubiri uamuzi bandeji yake lazima iwe na unyevu. Hili nalisisitiza kwa sababu siku za kusubiri huwa nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kisha maambukizi na damu. Daktari akiingiza kijiti cha chuma kidondani na kikagonga kitu kigumu, hasa kwenye mguu wa mwenye kisukari, hushuku kwamba vijidudu vimeingia ndani ya mfupa, na kipande kidogo cha mfupa hukatwa kikapimwe maabara. Hakuna kifuniko kinachoponya mfupa uliooza. Kitafunika usaha tu, nao utatafuta njia ya kutokea. Damu hupimwa kwa kulinganisha shinikizo la kifundo cha mguu na la mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.9, mishipa ya mguu imeziba kwa kiasi fulani. Kwa wenye kisukari cha muda mrefu kipimo hicho kinaweza kudanganya kwa sababu mishipa imekuwa migumu, ndiyo maana hupimwa pia kwenye kidole gumba cha mguu, ambako shinikizo chini ya milimita 30 za zebaki ni dalili kwamba kidonda hakitapona bila mishipa kufunguliwa.

Katika hospitali moja niliyofanya kazi zamani, mama mmoja aliwekewa ngozi mbadala mara mbili kwenye mguu kabla ya mtu yeyote kupapasa mapigo ya damu ya mguu ule. Mara zote mbili iligeuka nyeusi. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliofunga kidonda kile kila siku, na sikuuliza. Tangu hapo, swali la damu ndilo la kwanza kinywani mwangu.

Njia ya kwanza: kupandikiza ngozi moja kwa moja

Hii ndiyo njia kongwe na nyepesi. Daktari huchuna tabaka jembamba la ngozi, takriban milimita 0.2 hadi 0.4, mara nyingi pajani, kwa kisu maalumu au mashine iitwayo dematomu. Mara nyingi ngozi hupitishwa kwenye kitoboleo igeuke kama wavu: hutanuka ikafunika eneo kubwa zaidi, na damu au majimaji ya chini hupata pa kutokea. Hushonwa au kupigwa stepla, hufungwa kwa mgandamizo, na haiguswi hadi karibu siku ya tano. Paja lililochunwa hupona lenyewe kwa wiki mbili hivi. Wagonjwa wengi hunishangaa nikiwaambia mapema kwamba paja litauma kuliko kidonda, lakini baadaye hukiri.

Mfupa ukiwa bado na periosti, na eneo lenyewe halikandamizwi wala halina chuma chini yake, hii inatosha. Sioni sababu ya kwenda kwenye njia za gharama kubwa kwa sababu tu zina jina jipya.

Mipaka yake ni ya wazi. Haishiki kwenye mfupa mtupu. Na hata ikishika kwenye periosti, ngozi nyembamba iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa haina godoro. Hugandamana, haitelezi, na ikigongwa huchubuka. Kwenye muundi mtu anaweza kuishi nayo akiwa mwangalifu, lakini kisiginoni, mahali panapobeba uzito wa mwili mzima, itapasuka tena na tena.

Njia ya pili: ngozi mbadala

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa sababu jina moja limebeba vitu visivyofanana hata kidogo. Ukitaka kuchagua vizuri, uliza: hii ni ya aina gani?

Aina iliyobadilisha zaidi habari za mfupa ulio nje ni kiunzi. Hakina uhai. Ni sponji nyembamba yenye vijitundu ambavyo seli na mishipa ya mgonjwa mwenyewe huingia humo, zikajijengea tabaka jipya la ndani la ngozi, huku kiunzi chenyewe kikiyeyuka polepole. Kilichofahamika zaidi ni Integra, kilichotokana na kazi ya daktari John Burke na mhandisi Ioannis Yannas wa Boston, walioeleza matokeo yao mwaka 1981. Kimetengenezwa kwa kolajeni (protini inayoipa ngozi uimara) ya ng'ombe na kiambato kutoka gegedu la papa, na juu kina karatasi ya silikoni inayofanya kazi ya ngozi ya nje kwa muda.

Kufuatilia kiunzi hiki ni kutazama rangi. Siku za mwanzo, chini ya silikoni, ni chekundu. Baadaye huwa cha waridi, kisha hufifia, na mwishowe hupata rangi ya pichi inayoelekea manjano. Hapo silikoni hubanduka kirahisi kama plasta iliyochoka. Ikibishana na koleo na kutoa damu, bado. Silikoni ikitoka, ngozi nyembamba sana ya mgonjwa hupandikizwa juu yake. Juu ya nyama yenye damu kazi hii huchukua kama wiki tatu. Juu ya mfupa mtupu huchukua muda zaidi, kwa sababu seli hazitoki chini, hutembea kutoka pembeni kuingia katikati. Kwa hiyo ukubwa wa sehemu iliyo uchi ni jambo zito: kipande cha mfupa kilichozungukwa pande zote na nyama hai kina matumaini makubwa kuliko kipana kisicho na ukingo mzuri.

Kipo pia kiunzi cha plastiki inayoyeyuka, NovoSorb BTM, kilichotengenezwa Australia, ambako daktari John Greenwood wa Adelaide alikuwa mstari wa mbele kukipeleka kwa wagonjwa wa moto. Ni povu la unene wa milimita 2 lenye karatasi ya kuziba juu. Hakina kitu cha mnyama ndani yake, na huvumilia maambukizi kuliko vile vya kolajeni: usaha ukijitokeza chini, tunakata dirisha dogo, tunausafisha, na mara nyingi kiunzi kinaendelea. Kile cha kolajeni kikipata usaha, sehemu hiyo kwa kawaida hutolewa. Kwa kidonda kilichowahi kuchafuka, tofauti hiyo kwangu ina uzito mkubwa.

Vingine, kama Matriderm cha milimita 1, hupandikiziwa ngozi siku hiyo hiyo. Kuingia chumba cha upasuaji mara moja tu ni faida, lakini juu ya mfupa mtupu ngozi hulazimika kusubiri chakula kipenye kiunzi kizima huku chini hakuna kitu. Mimi ningependelea hatua mbili.

Aina ya pili ni ngozi zenye seli hai zilizokuzwa maabara, kama Apligraf na Dermagraft. Ni ubunifu wa kuheshimiwa, na zimesaidia vidonda vingi vya kisukari. Ila idhini zake Marekani kwa vidonda vya mguu wa kisukari zinataja vidonda ambavyo havijafichua kano, msuli wala mfupa. Nimeona familia zikitaka kuuza mali kwa ajili ya bidhaa ambayo haikukusudiwa kidonda chao. Ukiambiwa "ngozi yenye seli hai" na mfupa uko wazi, uliza kwa heshima lakini uliza.

Aina ya tatu ni utando wa kondo la nyuma na ngozi ya samaki. Utando wa kondo umetumika kwenye vidonda tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, husaidia kutuliza na kuchochea uponaji, lakini peke yake ni mwembamba mno kujaza shimo lenye mfupa chini. Ngozi ya samaki wa bahari za Iceland, iliyoondolewa seli zake, inanishawishi zaidi. Jaribio la Odinn lililofanyika Ulaya na kuchapishwa mwaka 2024 lilichukua wagonjwa 255 wenye vidonda vya mguu wa kisukari vyenye kina kirefu, vikiwemo vilivyofika kwenye mfupa. Baada ya wiki 16, asilimia 44 ya waliowekewa ngozi ya samaki walikuwa wamepona, dhidi ya asilimia 26 ya waliopata matibabu ya kawaida. Soma takwimu hizo pande zote mbili. Ni tofauti kubwa, na bado zaidi ya nusu hawakuwa wamepona kwa muda huo.

Ngozi ya maiti na ya nguruwe hutumika zaidi kama kifuniko cha muda, hasa kwa walioungua sana. Na kwa kuwa vifaa hivi vimetoka kwa ng'ombe, nguruwe, samaki au binadamu aliyefariki, mwenye imani inayogusa jambo hilo ana haki ya kuambiwa chanzo kabla ya kutia sahihi. Wauguzi tumejifunza kulisema mapema, tusingoje kuulizwa.

Mashine ya kufyonza na maharazi

Viwili hivi ni wasaidizi wa njia zote. Mashine ya kufyonza huweka sponji kidondani, hufunikwa kwa plastiki isiyopitisha hewa, na mvuto wa takriban milimita 125 za zebaki huondoa majimaji na kuita nyama mpya. Watafiti Argenta na Morykwas waliieleza mwaka 1997 na tangu hapo imeenea kila mahali. Kipande kidogo cha mfupa kinaweza kufunikwa na nyama nyekundu inayotambaa kutoka pembeni kwa mashine hii tu, na mara nyingi huwekwa juu ya kiunzi kukibana kisisogee. Haiwekwi penye nyama iliyokufa, penye saratani, wala juu ya mfupa wenye maambukizi yasiyotibiwa. Hatari yake nyingine ni ya kibinadamu: inaonekana kama matibabu yanaendelea, wiki zinapita, na uamuzi wa kweli unaahirishwa.

Kutoboa mfupa ni hila ya kale. James Robertson, mmoja wa waanzilishi wa mji wa Nashville nchini Marekani, alifundishwa mwaka 1777 kutoboa kwa maharazi, ile sindano nene ya mshona viatu, fuvu la mtu aliyechunwa ngozi ya kichwa. Vitundu vilivyopangwa karibu karibu vilitoa majimaji mekundu, kisha nyama ikachipuka kutoka ndani ya mfupa ikaungana. Leo kinatumika kekee cha umeme, na ganda la nje la fuvu husagwa hadi damu ionekane, lakini wazo ni lile lile: mfupa usio na utando bado una damu ndani yake, ukifunguliwa mlango.

Njia ya tatu: flapu

Flapu ni kipande cha ngozi na mafuta, au msuli, kinachohamishwa pamoja na mshipa wake wa damu. Hakiutegemei mfupa kwa lolote. Kinakuja na damu yake, na damu hiyo huleta kinga na dawa hadi kwenye mfupa. Ndiyo maana penye mfupa uliovunjika na kuwekwa vyuma, penye kiungo kilichofunguka, au penye shimo kubwa, flapu haina mpinzani wa kweli. Viunzi juu ya chuma au juu ya mvunjiko ulio wazi ni kamari ambayo mimi nisingependa ndugu yangu aicheze.

Kwenye mguu, madaktari hugawa muundi sehemu tatu. Sehemu ya juu, karibu na goti, hufunikwa kwa msuli wa shavu la mguu uitwao gastroknemio, unaogeuzwa mbele ukiwa bado umeshikilia mshipa wake. Sehemu ya kati hupata msuli wa soleo. Sehemu ya chini, karibu na kifundo, haina msuli jirani wa kuazima, na hapo mara nyingi huhitajika flapu huru: kipande hutolewa mbali, mgongoni au upande wa paja, na mishipa yake huungwa na ya mguu chini ya darubini kwa uzi ambao jicho halioni vizuri. Pasipo na darubini, flapu ya ngozi ya nyuma ya mguu iliyogeuzwa kuelekea chini, aliyoieleza daktari Masquelet mwaka 1992, imeokoa visigino vingi, ingawa kwa wavutaji sigara na wenye mishipa mibaya ncha yake hupenda kufa. Ipo pia ile ya kuunganisha mguu na mguu kwa wiki tatu hivi. Ni mateso, lakini ni njia halali mahali ambapo nyingine hazipo.

Kuhusu wakati, somo kubwa lilitoka kwa daktari Marko Godina wa Ljubljana, Slovenia. Makala yake ya mwaka 1986 iliwahusu wagonjwa 532 waliopata flapu huru baada ya ajali. Waliofunikwa ndani ya saa 72, flapu zilizokufa zilikuwa asilimia 0.75. Waliofunikwa kati ya siku ya tatu na mwezi wa tatu, asilimia 12. Maambukizi yalikuwa asilimia 1.5 kwa wa kwanza na 17.5 kwa hao wa pili. Miongozo ya Uingereza ya mivunjiko iliyo wazi bado inasema jeraha lifunikwe kikamilifu ndani ya saa 72. Kwa hiyo kama ni ajali na mfupa umevunjika, swali la kwanza la familia liwe: lini anahamishiwa mahali penye uwezo wa flapu? Kila siku ya "tuone kwanza" ina bei yake mwilini.

Usiku wa kwanza wa flapu huru ni kazi ya muuguzi kuliko ya mtu mwingine yeyote. Kila saa nakwenda kitandani, nabonyeza flapu kwa ncha ya kidole, naachia, nahesabu. Rangi ikirudi ndani ya sekunde mbili hivi, vema. Ikiwa imepauka na baridi, ateri, mshipa unaoleta damu, imeziba. Ikiwa ya samawati, imevimba, na rangi inarudi upesi mno, iliyoziba ni vena, mshipa unaorudisha damu. Vyote viwili ni kumwamsha daktari papo hapo, kwa sababu matatizo mengi hutokea siku mbili tatu za mwanzo na flapu huokolewa kwa dakika. Hospitali ikikupendekezea flapu huru, uliza nani atakuwa anabonyeza usiku. Hilo ni swali la haki kabisa.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Watu hudhani kiunzi ni njia ya upesi kwa kuwa upasuaji wake ni mfupi. Ni kinyume. Flapu ni saa nyingi mezani, pengine 6 hadi 10 kwa flapu huru, lakini mfupa umefunikwa siku hiyo hiyo. Kiunzi ni upasuaji mfupi mara mbili, na kati yake wiki tatu hadi sita au zaidi za kutokikanyaga, kutokisogeza, na bandeji zisizoisha. Ngozi ya kawaida ni fupi kwa yote, ila ina sharti lake la utando.

Kwa mtu mzima sana, mwenye moyo dhaifu, asiyeweza kuvumilia nusu kaputi ya siku nzima, kiunzi ni rehema. Kinaweza kuwekwa kwa ganzi. Sehemu kinapong'aa hasa ni fuvu: saratani ya ngozi imekatwa, mfupa uko wazi, ganda la nje linasagwa hadi litoe damu, kiunzi kinalazwa, na baada ya wiki kadhaa ngozi nyembamba. Nywele hazitaota hapo, na mahali patakuwa bonde dogo, lakini mgonjwa amerudi nyumbani mapema. Isipokuwa kama atapigwa mionzi baadaye, au alishapigwa: mfupa wa mionzi ni masikini wa damu, na hapo flapu hurudi mbele.

Kwa kijana aliyevunjika muundi sehemu ya chini, hesabu hugeuka. Mwili wake una nguvu ya kuvumilia upasuaji mrefu, mfupa wake unahitaji damu ili uunge, na huenda daktari akahitaji kufungua tena mahali hapo kuweka mfupa mwingine. Flapu hufunguliwa na kufungwa tena bila shida kubwa. Ngozi iliyoota juu ya kiunzi haipendi kufunguliwa.

Mguu wa kisukari una jibu ambalo hakuna anayependa kulisikia. Ikiwa mfupa ulio nje ni wa kidole kimoja na umeoza, kukiondoa kidole hicho na kufunga kwa nyama yake yenyewe wakati mwingine humrudisha mtu kutembea ndani ya wiki chache, ilhali kukipigania kunaweza kumgharimu miezi na hatimaye mguu. Nimeshika mikono ya watu walioambiwa hivyo. Si kushindwa, na naomba ndugu wasimwonyeshe mgonjwa sura ya msiba. Lakini kabla ya kukata, vipimo vya damu viwe vimefanyika, kwa sababu hata jeraha la kukata linahitaji damu kupona.

Kidole cha mkono ni tofauti. Ncha iliyokatika na mfupa ukachungulia kidogo, kwa watoto na watu wazima pia, mara nyingi hupona yenyewe chini ya plasta inayobakiza unyevu, ikibadilishwa kama mara moja kwa wiki. Majimaji ya ndani hunuka vibaya na kuwaogofya wazazi, lakini humo ndimo ncha mpya inapojijenga, mara nyingi ikiwa na hisia nzuri kuliko ambayo kiraka kingeipa. Huyu hahitaji kiunzi wala flapu. Anahitaji mtu wa kumwambia asiisugue.

Sura nayo ihesabiwe. Flapu huacha uvimbe ambao huenda ukahitaji kupunguzwa baadaye ili kiatu kiingie, pamoja na kovu la pili mahali ilipotoka. Kiunzi na ngozi huacha bonde na rangi tofauti. Kote kuwili hisia hupungua, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuungua au kuchubuka bila kujua. Na chochote kitakachochaguliwa, sigara hubana mishipa ile ile midogo tunayoibembeleza iote, sukari ya juu hulisha vijidudu, na mwili usiopata protini hauna tofali za kujengea. Haya matatu yamo mikononi mwa familia zaidi kuliko mikononi mwetu.

Jambo moja la siku ya kumi. Ngozi iliyopandikizwa kwa mtu mweusi mara nyingi huvua tabaka lake la juu kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Utaona gamba jeusi linabanduka, na moyo utakwambia imekufa. Usilivute. Lowesha kwa maji ya chumvi, subiri, mwite muuguzi alitoe. Mara nyingi chini yake utakuta waridi laini lenye unyevu, limeshika barabara, na weusi utarudi polepole kwa miezi.